Mtaa wa Wachangamfu

Dakta Gaudensia Haule anapitiwa na usingizi mchana kweupe, kwenye kiti cha mstari wa mbele, katika ukumbi wa semina uliojaa wataalamu wenzake, na wala haoni aibu, kwa sababu kila aliyekula ule wali na kuku wa mchana naye anasinzia, ila wenzake wamejifunza kusinzia huku wamefumbua macho. Jukwaani kuna bwana mmoja anasoma maandishi yanayoonekana ukutani, yaleyale ambayo kila mtu anayaona, anayasoma neno kwa neno utadhani ukumbi mzima haukupita darasa la kwanza. Anasema sonona, anasema haiba, anasema hatari ya kujiua, na anayasema yote hayo kwa sauti ileile aliyoagizia soda. Akimaliza huyu ni zamu ya Gaudensia. Yeye ndiye bingwa wa jambo hili hapa mjini Iringa, ndiye anayejua mgonjwa yupi wa sonona achungwe kwa karibu na yupi arudi nyumbani na vidonge vyake, naye anajua kwa kuitazama haiba ya mtu: mwenye hofu nyingi, mwenye kujifungia, mwenye kukata tamaa upesi, hao wachungwe, mchangamfu, mtu wa watu, mpenda mizaha, huyo ana kinga yake mwenyewe. Ndivyo anavyofundisha, na ndivyo atakavyosema leo, na ukichukua watu kwa wingi wao wala hasemi uongo, jambo ambalo limempa kichwa kikubwa kuliko kofia yoyote ya mahafali. Simu inatetemeka mkobani. Anachungulia. Ni Otmar, mdogo wake, ambaye amekwisha kupiga mara moja asubuhi. Anaikata. Otmar hana neno, Otmar ana mizaha tu, atampigia jioni. Kope zinashuka, sauti ya bwana yule inakuwa mvumo wa friji, na Gaudensia anaona ni afadhali akanawe uso.

Anasimama, au anadhani anasimama, anausukuma mlango wa kioo wa ukumbi, na badala ya korido ya kwenda maliwatoni anakanyaga barabara. Ni barabara ya lami, pana, iliyonyooka, isiyo na gari wala mti, na kadiri anavyoitembea ndivyo inavyomrudisha pale alipoanzia, mlangoni, ila kila akirudi mlango umesogea kidogo na ukumbi umekuwa mdogo kidogo, mpaka mara ya mwisho anageuka na hakuna mlango, kuna barabara tu mbele na nyuma. Pembeni amesimama mtu mwenye suti na kitambulisho cha semina kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Kitambulisho hakina jina, na mwenyewe hana uso. Pale ambapo pangekuwa na macho na pua pametandazwa ngozi laini kama ya goti la mtoto. Mtu mwingine angepiga kelele, lakini Gaudensia amehudhuria semina nyingi na watu wasio na uso si wageni kwake. Anamuuliza, samahani kaka, maliwato yako wapi. Yule mtu anasema, ni nani huyo, akilia watu wanapiga makofi?

Basi ndiyo hivyo, nchi yenyewe ni ya namna hiyo, ukiuliza choo unategewa kitendawili. Wenyeji wa huko hawajui kujibu, na kwa kuwa hawajui kujibu wanaonekana wana hekima. Gaudensia, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu shule ya msingi Peramiho, anasema, mtoto mchanga, akilia siku ya kuzaliwa kila mtu anafurahi. Yule mtu anatikisa kichwa chake kisicho na uso. Huyo watu wanamwangalia, anasema, na anaanza kutembea, na Gaudensia anamfuata kwa sababu hajazoea kuachwa na swali lililomshinda.

Barabara inawashusha kwenye mji. Ni mji wa vioo, kila nyumba imevishwa kioo kuanzia msingi mpaka paa, na kila mtaa unaonekana umesimama ndani ya mtaa unaotazamana nao, hivyo kwamba ukinyoosha mkono kuuonyesha mji, mji nao unakuonyesha wewe. Juu ya nguzo kuna vipaza sauti, na ndani ya vipaza sauti kuna mwanamke anayeeleza kwa Kiswahili safi cha kufundishia nani akae wapi. Gaudensia anasikiliza kwa kuridhika, anaona mwanamke huyu anajua anachokisema, na inamchukua muda kutambua kuwa sauti ni yake. Wapita njia wanamwinamia. Shikamoo mama mwenye mji, wanasema, na anaitikia marahaba bila kusita hata kidogo, maana kuna watu ukiwaambia mji ni wao hawaombi hati.

Mtaa wa kwanza ni wa Wenye Hofu. Mbele ya kila mlango kuna mtu amekaa kwenye kigoda, ana chupa ya uji na blanketi, na anachungulia dirishani na kuuliza, umelala? Umekula? Na kisha, kwa sauti ileile ya kawaida, anauliza, leo unafikiria kujiua? Hapana anayeshtuka. Ndani mwanamke anajibu, leo hapana, jana ndiyo, kesho niulize tena. Haya, kesho nitakuuliza, anasema wa kigodani, na anamimina uji. Mtaa wa pili ni wa Wakimya, nako ni vilevile, vigoda, uji, na swali lile lile lililonyooka, na wakimya wanalijibu kwa kutikisa kichwa, na mkimya mmoja asiyetikisa kichwa anafunguliwa mlango na kukaa na watu mpaka atikise. Tumpe Gaudensia haki yake: kazi hii ni yake na ni kazi njema. Watu wa mitaa hii wako hai, na wengi wao wasingekuwa hai. Yeye ndiye aliyewafundisha wauguzi kuuliza bila kuzungukazunguka, akawaambia kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango tu. Anapita katikati ya vigoda ameinua kidevu, na kila kioo kinamwonyesha mama mwenye mji akipita ameinua kidevu, na anaona vioo vya mji huu vimesafishwa vizuri.

Anamuuliza asiye na uso, na hawa wengine? Hujajibu, anasema asiye na uso. Gaudensia anafikiri. Bibi harusi, anasema, siku ya kuagwa, akilia watu wanapiga vigelegele na makofi. Huyo ana mama yake ubavuni, anasema asiye na uso, na wanapinda kona.

Mtaa huu hauna kigoda hata kimoja. Kibao kimeandikwa Mtaa wa Wachangamfu, na chini yake, kwa sauti ya kipaza, Gaudensia anajisikia akieleza kuwa hapa walinzi hawahitajiki, wakazi wana kinga yao wenyewe. Muziki unapigwa kutoka nyumba zote. Wapita njia wanasimama madirishani kuchungulia, na kwa kuwa dirisha ni kioo wanajiona wenyewe wakicheka, wanaridhika, wanasema huyu wa humu leo kafurahi kweli, na wanakwenda zao. Gaudensia naye anachungulia. Anamwona Gaudensia anayecheka. Anabisha hodi kwa adabu, na kutoka ndani sauti inajibu karibu, karibu sana, karibuni wote, meza kuu ikae vizuri, na mlango haufunguki, na anaijua sauti hiyo, ni sauti ya harusi zote alizowahi kuhudhuria Iringa.

Kwa maana Otmar Haule ni mshereheshaji. Ukioa Iringa bila Otmar kushika maikrofoni watu wanauliza kama mlifunga ndoa au mlihama nyumba. Anawachekesha mapadri, anawachekesha wakwe waliokuja na nyuso za mahakamani, aliwahi kumchekesha bwana harusi mpaka akasahau kiapo. Na Otmar huyohuyo, mwaka jana, alikaa chumbani siku nyingi mfululizo bila kuoga, akaenda mwenyewe hospitali, akaambiwa ana sonona, akapewa vidonge. Ukoo wa Haule ukaipokea habari kwa busara yake ya kawaida. Baba mdogo alisema sonona ni ugonjwa wa watu wenye nafasi. Shangazi alisema anywe maziwa. Mtu mwingine kwenye grupu la ukoo akaweka picha ya mbuzi aliyevaa miwani. Blandina, mke wa Otmar, akampigia wifi yake daktari kwa woga, akamuuliza afanye nini, amtazame vipi, na wifi yake daktari, ambaye angalau alikuwa na elimu, alimwambia atulie: kwa haiba ya Otmar, hatari hakuna. Alisema hivyo huku anachambua mchicha. Blandina akashukuru, akaacha kumtazama.

Muziki unazimika, au unageuka kuwa vicheko, na mtaa unajikunja na kuwa makaburi, na makaburi haya Gaudensia anayafahamu, kwa kuwa alisimama hapa mwezi uliopita kwenye maziko ya mzee Kalinga, jirani yake Otmar. Mzee Kalinga alikuwa Mhehe, na akina Haule ni Wangoni, na Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana, kwa hiyo kwenye msiba wa Mhehe, Mngoni ana ruhusa ya kufanya utundu ambao mwingine angepigwa. Anaweza kuvaa koti la marehemu, anaweza kumwigiza anavyokohoa, anaweza kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka wafiwa wampe chochote, na watu wanacheka katikati ya kilio na mzigo unakuwa mwepesi. Otmar alilala kaburini. Wafiwa wakatupa noti, kama desturi. Hakutoka. Wakaongeza. Akasema, leo sitaki hela zenu, niacheni hapahapa, pananifaa. Watu wakaangua kicheko, mtani kapandisha bei. Akasema tena, kweli, mimi nimechoka, mzee Kalinga arudi nyumbani alale kitandani kwangu. Wakacheka mpaka waliobeba jeneza wakalitua chini. Walimtoa kwa kumbeba mikono na miguu, analegea kama nguo mbichi, machozi yanamtoka, na kila mtu alikubali kuwa hajapata kutokea mtani wa kiwango kile. Mtu alipiga video. Kwenye grupu la ukoo ikapata vikaragosi vya kucheka kutoka juu mpaka chini ya skrini, na vitatu kati ya hivyo viliwekwa na Dakta Gaudensia Haule, bingwa.

Sasa amesimama tena ukingoni na shimo liko pale pale, na Otmar yuko ndani amelala chali, amevaa suti yake nyeupe ya harusi, maikrofoni kifuani. Watu wamelizunguka shimo. Hawana nyuso, hawa wote, wana midomo ya kuchekea tu, na wanatupa noti, na noti zinamfunika. Wanapiga makofi. Gaudensia anataka kuwanyamazisha na anasikia mtu anacheka kwa nguvu kuliko wote, na ni yeye, kicheko kinamtoka chenyewe kama kwikwi, anaziba mdomo na kinapitia puani. Asiye na uso anasimama karibu yake na harudii kitendawili. Hana haja, jibu limelala mbele yao.

Toka, mdogo wangu, anasema Gaudensia akishapata pumzi, na sauti yake inatokea kwenye vipaza sauti vya mji mzima, ile sauti ya kufundishia. Toka, haiba yako inakukinga.

Otmar anamtazama kutoka chini. Ndiye pekee mwenye uso katika nchi nzima hii, na uso wake umechoka, na hauigizi kitu.

Dada, anasema, nani kakwambia mimi ni mchangamfu? Uchangamfu ni kazi yangu. Wewe ukitoka hospitali unaendelea kutibu watu njiani?

Gaudensia anaona haya, haya halisi, ya kupasha masikio moto, na chini ya haya kuna hofu, na hofu hiyo ni kubwa kuliko yeye. Anamuuliza mwenye kitambulisho, nimtoeje? Yule anasema, lipo swali moja, wewe unaliuza rejareja mji mzima, nyumbani kwako halijafika. Na kwa mara ya kwanza Gaudensia anakielewa kitendawili mara tu kinapotegwa, na anaona kwa nini hakuwahi kumuuliza Otmar. Huwezi kumuuliza mtu wa namna ile. Ungeonekana mjinga. Angekujibu kwa kichekesho na watu wangecheka, na Gaudensia, mama mwenye mji, amekubali mambo mengi maishani lakini hajakubali kuchekwa. Kwa ajili hiyo tu. Mwanamume mtu mzima amelala shimoni kwa sababu dada yake anaogopa kuonekana mjinga. Anapiga magoti ukingoni, noti zinazidi kudondoka, sasa haioni suti, anauona uso tu, anainama, anafungua mdomo kuuliza, na makofi yanakuwa makubwa, makubwa mno.

Na sasa, linasema jukwaa, tumkaribishe Dakta Gaudensia Haule.

Ukumbi unapiga makofi. Shingo inamuuma, mate yamemkauka pembeni mwa mdomo. Bwana wa soda ameshuka, mwenyekiti wa semina amesimama jukwaani na amenyoosha mkono kumwita, na taa ya projekta inampiga usoni moja kwa moja, hivyo Gaudensia haoni macho wala pua, anaona weupe. Anageuka nyuma kutafuta uso wa mtu. Wote wameinamia simu zao, yanaonekana mapaa ya vichwa tu. Kitambulisho kimelala kifuani mwake kimegeukia upande usio na jina, na hakigeuzi. Anachukua mkoba, na badala ya kupanda jukwaani anashika njia ya mlangoni, na makofi yanamsindikiza, kwa kuwa watu wa semina wakishaanza kupiga makofi hawatazami kinachoendelea. Mwenyekiti anasema kwenye maikrofoni kwamba bila shaka daktari anarudi sasa hivi. Anausukuma mlango wa kioo. Anapiga namba ya Otmar.

Inaita muda mrefu. Anaomba, yeye ambaye haombi mpaka Pasaka.

Ndugu waalikwa, inasema sauti ya Otmar, nawatangazia kuwa simu ya mheshimiwa daktari imeingia, tafadhali msimame.

Ni sauti ya maikrofoni, sauti ile ile, na Gaudensia anasikia kicheko kikimpanda kooni kwa mazoea, kikiwa tayari, na anakimeza kwa nguvu kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Otmar, anasema. Nisikilize. Unafikiria kujiua?

Anangoja kuchekwa, na haijalishi, acha acheke.

Dada, anasema Otmar hatimaye, na maikrofoni imetoka sautini, imebaki sauti ya mvulana aliyekuwa akilala naye chumba kimoja Peramiho. Ndiyo. Tangu kwa mzee Kalinga. Niliwaambia.

Ulituambia, anasema Gaudensia. Ulisema kwa sauti na sisi tukacheka. Mimi pia nilicheka. Leo sicheki. Uko wapi?

Nyumbani. Kitandani.

Blandina yuko?

Yuko uani, anafua.

Mwite. Mwite sasa hivi akae hapo ulipo, nami nakuja, na hatuachani kwenye simu mpaka nifike. Huhitaji kusema kitu cha kuchekesha.

Anamsikia akivuta pumzi, anamsikia akiita jina la mke wake, mara ya kwanza haitoki vizuri, mara ya pili inatoka, na kisha analia, kilio kibaya kisicho na mpangilio, na hapana anayepiga makofi. Mlango unafunguliwa huko, ndoo inawekwa chini, Blandina anauliza kuna nini baba, na Otmar anaanza kumwambia.

Nje ya ukumbi kuna barabara ya lami, pana, iliyonyooka. Gaudensia anaitazama na haikumbuki kama asubuhi ilikuwa pana hivi. Anageuza kichwa kidogo na kwenye kioo cha mlango anamwona Dakta Gaudensia Haule akipanda jukwaani ameinua kidevu, akishika maikrofoni, na ukumbi ukimshangilia, na hajui kama ni kivuli cha taa au ndiye yeye wa kweli na huyu wa barabarani bado amekaa mstari wa mbele anasinzia. Wakati wowote mwingine angesimama akachunguza. Yule wa kiooni anafungua mdomo kuanza kufundisha. Huyu wa barabarani anavua viatu vya kisigino, anavishika mkono mmoja, simu mkono mwingine, na anaanza kutembea upesi kuelekea anakodhani ndiko kwa Otmar.

Bado upo? anauliza Otmar.

Nipo, anasema. Endelea kunieleza.